Shingo za Wakubwa

Katika Kolwezi nzima, mwaka ule wa sabini na nne, hakuna aliyezijua shingo za wakubwa kama Ngalula. Wake zao walizijua kwa mbali tu, kwa kufua kola. Yeye alizijua moja moja. Ya mkuu wa posta ilikuwa fupi, imezama katikati ya mabega kama kizibo kilichosukumwa ndani ya chupa. Ya karani wa mji ilikuwa na mikunjo mitatu, na katika mkunjo wa kati palikuwa na kipele kilichoonekana katika kila picha yake tangu uhuru. Ya mkurugenzi mmoja wa shule huko Dilala ilikuwa nyembamba mno, hata ukimfutia kravati unaona aibu kwa niaba yake, maana kilichobaki hakikutosha kubeba kichwa.

Kufuta kravati, zile tai za Kizungu, kwenye picha ndiyo iliyokuwa kazi yake. Miaka miwili nyuma amri ilikuwa imetoka Kinshasa: Mzaïre halisi havai kravati wala suti ya Kizungu, na haitwi kwa jina la ubatizo. Avae abakosti, lile koti linalofungwa vifungo hadi kooni, bila shati wala tai ndani. Wanaume ambao jana wasingeenda hata sokoni bila kravati, leo walikuwa wakiziogopa picha zao wenyewe zilizotundikwa sebuleni. Je, mtu wa chama akiingia akaziona? Je, jirani akienda kusema? Basi wakaja mmoja mmoja kwenye studio ya picha alimofanya kazi Ngalula, picha imefungwa kwa gazeti na kubanwa kwapani kama nyama ya wizi.

"Mama, angalia kwanza kama unaweza kuondosha hii kintu."

"Kintu gani, tata?"

"Hii... hii ya pa shingo."

"Kravati?"

"Sema pole pole, mama! Batu beko pa barabara."

Ngalula alikuwa akiipokea picha bila kuinua macho. Aliwadharau wote, na hakujisumbua kuficha. Kama mtu ameipenda kravati miaka kumi na mitano, aliona, basi aipende hata siku mbili baada ya kukatazwa. Lakini hawa waliiacha asubuhi ile ile, kabla redio haijamaliza kusema, kisha wakaja kumwomba mwanamke awafutie jana yao.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono mitulivu. Kama negatifu ilikuwepo katika masanduku ya studio, aliitoa. Kama haikuwepo, picha ya zamani ilipigwa picha upya. Aliiweka negatifu juu ya meza ya mteremko iliyokatwa dirisha dogo la kioo, na chini yake kioo cha kujitazamia kikirusha mwanga wa nje kupitia hapo. Kwenye negatifu kila kitu kimegeuka: shati jeupe ni jeusi, uso mweusi umekuwa mwanga. Kwa kisu chembamba kuliko ukucha alilikwangua lile shati nywele kwa nywele, mpaka likapungua na kuchapika jeusi kama koti. Kravati, ikiwa ya rangi nyepesi, nayo iliondoka hivyo hivyo. Halafu kwenye karatasi, kwa brashi yenye unywele mmoja na wino, alichora kola ya abakosti, mstari wa vifungo, na kivuli kidogo chini ya kidevu. Mteja alipokuja kuchukua, alijikuta amekuwa mzalendo tangu mwaka wa hamsini na nane.

Dada yake mkubwa, Fidélie, aliyeishi naye katika nyumba ya matofali ya zamani huko Dilala, alikuwa mshonaji, na katika miaka hiyo hakushona kitu kingine ila abakosti. "Mi nawavalisha na sindano, weye na brashi," Fidélie alisema, akicheka. Ngalula hakucheka. Dada yake alipokea vipimo vya watu walio hai, wanaopumua, wanaolalamika kwamba kwapa linabana. Yeye alipokea uoga wao tu, umefungwa kwa gazeti.

Kazi hiyo alifundishwa na mwenye studio, Mgiriki mmoja mzee ambaye jina lake lilikuwa refu hata watu wakalikata, wakabakiza Lambo. Ngalula aliingia kwake mwaka wa sitini na tatu kama mfagiaji, baada ya mume wake kumwacha kwa kukosa mtoto. Lambo alimwona akisimama na ufagio mkononi, akitazama jinsi anavyonoa penseli mpaka ncha yake iwe kama mwiba. Akampa kiti. Ngalula alimdharau na yeye pia, kwa mengi: alifoka ovyo, alinuka pombe ya nchi yao tangu saa nne asubuhi, na kwa miaka kumi na moja hakuandika jina la Ngalula mahali popote. Nyuma ya kila picha palipigwa muhuri wa Studio Lambo, basi. Ila mikono ya mzee yule hakuthubutu kuidharau. Ndiye aliyemwambia kwamba katika kila uso lazima aache kosa moja, jicho lililolegea au kovu la tetekuwanga, ili mama mzazi aweze kumtambua mwanawe.

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na tatu redio ikatangaza kwamba maduka ya wageni yatapewa raia. Na katika mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, akaja studio raia mmoja, citoyen Nkulu, na karatasi yenye muhuri.

Nkulu alikuwa mtu wa chama, mnene, mwenye sauti ya kuagiza bia. Alikuwa ameomba ghala la unga. Walipomnyima, aliomba duka la vitambaa. Akapewa studio, kwa sababu waliokuwa mbele yake kwenye foleni walikuwa na mashemeji bora zaidi. Aliingia akiwa na uso wa mtu aliyeletewa sahani ya mwenzake. Lambo, macho mekundu, alimzungusha: hapa pa kukaa mteja, hapa taa, hapa mapazia yenye mlima uliochorwa, hapa chumba cha giza. Ndani ya chumba cha giza, boksi la karatasi za kuchapia lilikuwa wazi juu ya meza. Nkulu alipapasa ukuta, akapata kitufe cha taa kubwa, akawasha ili aone vizuri alichopewa.

Karatasi mia moja, zisizovumilia mwanga, zikafa papo hapo. Lambo alifunga macho.

"Ile ilikuwa chumba ya giza," Ngalula akasema.

"Mi sitaki giza mu kazi yangu," Nkulu akajibu. "Tangu leo tunafanya byote mu mwangaza."

Juma lililofuata Lambo alipanda treni ya kusini na sanduku moja. Hakuaga kwa maneno. Alimwekea Ngalula mezani kisu kile chembamba, kimefungwa katika leso, akaondoka. Na Nkulu akapaka rangi juu ya jina la zamani, akaandika kwa herufi kubwa kuliko mlango: STUDIO AUTHENTIQUE. Upande mmoja wa rangi ulitiririka, na haukusafishwa kamwe.

Kitu cha kwanza Nkulu alichomletea Ngalula kilikuwa picha iliyofungwa kwa gazeti. Ngalula alijua kilichomo kabla hajafungua. Nkulu mwenyewe akiwa kijana, mwaka wa sitini na sita, suti, kravati yenye mistari, kalamu tatu mfukoni. Na nyuma, kwa wino wa buluu uliopindapinda, "Louis, chaguo la warembo".

"Unaondosha kravati," alisema Nkulu. "Na ile Louis, ukwangue na ye."

"Na warembo, citoyen?"

Nkulu alimtazama kuona kama anatania. "Warembo baache," akasema.

Siku zile kulikuwa na mpiga picha mwingine aliyekuja studio kila Ijumaa, jina lake Mbayo. Huyo hakuwa na studio. Alikuwa amefanya kazi ya mgodi Mutoshi mpaka vidole viwili vya mkono wa kushoto vikabanwa na kukatwa. Kisha akanunua kamera kuukuu ya kukunjwa, akawa anatembea nayo sokoni, kwenye foleni za bomba la maji, kando ya reli. Alipiga picha watu bila kuwakalisha. Alikuja kununua karatasi na kuomba nafasi katika chumba cha giza, na Ngalula alimdharau labda kuliko wote, kwa sababu yeye, tofauti na Nkulu, alikuwa na macho lakini alikataa kuyatumia.

"Huyu mama uko na jasho pa pua, tata Mbayo," alikuwa akimwambia, akiishika picha kwa ncha za vidole. "Na huyu meno inakosa."

"Inakosa, njo vile," Mbayo alikubali. "Iliondoshwa na mupira."

"Leta nitamuwekea lingine."

"Hapana, mama. Ataniuliza ile jino ni ya nani."

Ngalula alimrudishia picha na kuendelea na shingo zake. Mtu asiyejua kufuta, aliona, ni kama mpishi asiyejua kuosha majani ya sombe: anakupa mchanga na kuuita chakula.

Mwezi wa tano likaja tangazo la chama. Pangefanyika maonyesho ya mafundi na wasanii wanaojitegemea, wasio chini ya kampani wala misheni: wachongaji wa malakiti, lile jiwe la kijani, wafua shaba, wachoraji wa turubai za magunia, wafinyanzi, wapiga picha. Commissaire mwenyewe, mkuu wa serikali pale mjini, angefungua, na mwalimu wa sanaa angetoka Lubumbashi kuchagua kazi za kupelekwa mbele zaidi. Wapi mbele zaidi, tangazo halikusema. Lakini Nkulu alisikia "Kinshasa", na baada ya siku tatu alikuwa akisikia "Paris".

"Tutaonyesha foto moja," alimwambia Ngalula. "Moja tu, kubwa, ya metre nzima. Ya mi."

"Ya kupigwa leo?"

Nkulu alisita. Tangu apewe studio hakuwa amepiga hata picha moja ambayo kichwa cha mtu kilitokea kizima. "Ya leo," akasema. "Weye utakamata aparei ya foto. Lakini kazi ni yangu, sababu mi njo niko ndani."

Ngalula alimkalisha, akampiga. Ilikuwa picha nzuri. Ilimwonyesha Nkulu alivyokuwa: mtu mnene, mwenye wasiwasi, kidevu kimoja juu ya kingine, na kovu la mkato juu ya nyusi ambalo, kwa kweli, ndilo pekee lililoupa uso wake heshima. Nkulu alipoona jaribio la kwanza alijigusa kidevu. Halafu maagizo yakaanza.

Jumatatu aliagiza kidevu cha pili kiondoke. Jumanne, kovu. Jumatano alikuja na mke wake, na mke akasema pua ni pana, basi pua ikapunguzwa. Alhamisi alitaka macho yawe makubwa, "kama ya muntu anaona mbali," na mistari ya paji la uso isiwepo, kwa sababu kiongozi hachoki. Ijumaa alisimama nyuma ya kiti cha Ngalula, pumzi yake ikimgusa shingoni, akataka ngozi ing'ae, masikio yalale, na mdomo uinuke kidogo pembeni.

Siku zote hizo Ngalula alijua mahali pa kusimama. Mkono wake ulijua. Kwa mteja mwingine yeyote angeitikia "ndiyo, tata", kisha afanye nusu, na mteja angeshukuru bila kujua ameokolewa. Safari hii alifanya yote. Alifanya kwa uzuri, polepole, bila kuongeza lake na bila kuacha hata moja aliloagizwa. Kosa ambalo Lambo alisema libaki, hakulibakiza.

Jioni ya Ijumaa, jua likiwa bado juu ya lundo la udongo wa mgodi, alimsimulia Fidélie. Fidélie alikuwa mlangoni akishona vifungo.

"Unamucheka muntu na kisu mu mukono," Fidélie alisema.

"Simucheke. Ninatii."

"Ngalula. Mi nakujua tangu matumbo ya mama. Weye kama unatii, muntu akimbie."

"Alitaka byote. Nimemupa byote."

"Na akikufukuza?"

Ngalula aliokota kifungo kilichoanguka, akampa dada yake. Lakini moyoni alikuwa na furaha ya baridi ambayo hakuwa ameipata kwa miaka, na alijua haikuwa furaha nzuri.

Maonyesho yalifanyika Jumamosi alasiri katika ukumbi wa shule. Kwenye meza za wanafunzi palijaa visahani vya majivu vya malakiti, mayai ya malakiti, tembo wa malakiti waliofanana na nguruwe. Ukutani palitundikwa ramani za Zaïre za shaba iliyofuliwa, kumi na moja, kila moja na mto wake. Ngalula alipita katikati yake akiwa amevaa kitenge chake cha Jumapili, akaona kwamba katika mkoa mzima labda mafundi watatu walikuwa wakitazama kazi yao. Waliobaki walikuwa wakitazama mlango, kama Commissaire amefika.

Picha ya Nkulu ilikuwa mbele kabisa, juu ya kiti kilichofunikwa kitambaa cha kijani. Chini yake paliandikwa: KAZI YA MKONO WA CITOYEN NKULU. Nkulu mwenyewe alisimama kando yake katika abakosti mpya iliyoshonwa na Fidélie, mikono nyuma, kidevu juu, kadiri videvu vilivyomruhusu.

Commissaire aliingia na watu wake. Pamoja nao alikuwa mwalimu wa Lubumbashi, mtu mfupi aitwaye Muamba, mwenye penseli nyuma ya sikio. Watu walipiga makofi, wakaimba. Kisha Commissaire akaja moja kwa moja kwenye picha kubwa. Akaitazama. Sura ile ilikuwa laini kama sabuni iliyotumika, haina umri, macho makubwa yakitazama mahali pasipo na mtu. Kolwezi nzima ilikuwa na sura za namna hiyo katika nyumba zake: ndivyo zilivyotengenezwa picha za kuwekwa mezani penye matanga.

Commissaire akavua kofia.

"Pole sana, citoyen," akamwambia Nkulu kwa sauti ya chini. "Alikuwa ndugu yako?"

"Nani, patron?"

"Huyu marehemu."

Mtu mmoja nyuma akakohoa.

"Inaonekana alikufa angali kijana," Commissaire akaendelea kwa huruma ya kweli. "Ni ugonjwa?"

"Patron, ile... ile ni mi."

Commissaire akamtazama Nkulu, akaitazama picha, akamtazama tena Nkulu, akatafuta kitu kimoja kinachofanana. Akakosa. Akairudisha kofia kichwani polepole, na mahali fulani karibu na tembo wa malakiti kicheko kikapasuka, kikafuatwa na kingine.

Nkulu akageuka. Ngalula alikuwa amesimama karibu na nguzo.

"Njo huyu!" akapaza sauti, akimnyooshea kidole. "Huyu mwanamuke njo aliharibu! Mi sikushika kintu! Ni ye alipiga, ni ye alikwangua, ni ye alifanya byote!"

Mwalimu Muamba akatoa penseli nyuma ya sikio. Akainama, akasoma maandishi yaliyo chini ya picha, neno kwa neno, kwa sauti. Halafu akauliza kwa upole mkubwa, "Basi si kazi ya mukono yako, citoyen?"

Sasa watu hawakujizuia tena. Nkulu alisimama pale, mkono wake bado umenyooka, akiwa ametafuta mtu wa kumtwika aibu na kujitwika mwenyewe mbele ya watu mia mbili. Muamba akamgeukia Ngalula.

"Ni kweli, mama? Ni weye?"

"Ni mi."

"Na juu ya nini ulimufanya vile?"

"Nilifanya byote aliniomba," Ngalula akasema. "Hakuna kimoja nilisahau."

Akatoka katikati yao, kichwa kimenyooka. Siku ile alikuwa ameshinda, na alitaka kuitembeza dharau yake ukumbini kidogo, kama mtu anayetembeza kiatu kipya. Akaona kwenye kona ya mwisho, karibu na mlango wa choo, ubao wa boksi ambao Mbayo alikuwa amebandikia picha zake ndogo kwa pini. Akaenda huko ili amalizie.

Alianza kutafuta makosa kama alivyozoea. Aliona mwanamke wa Mutoshi akipepeta unga, shavu lake limekunjamana kwa moto wa zamani. Aliona mzee aliyekosa jino, mdomo wazi. Aliona wanaume sita wamelala kivulini mwa behewa, nyayo zao mbele, nyeupe kwa vumbi, na katika zile nyayo kumi na mbili hakupata hata moja ya kufuta. Akatoa kioo chake cha kukuza mkobani. Akainama. Lile shavu la mwanamke lilikuwa na mistari midogo iliyokwenda kama mito, na mtu akiigusa hata kwa penseli, mwanamke yule angetoweka. Akajaribu kuudharau ule mwanga wa pembeni uliokuwa mkali. Haikumsaidia.

Kisha akafika kwenye picha ya mwisho.

Ilipigwa kupitia dirisha la studio. Mwanamke ameinama juu ya meza ya mteremko. Mwanga unamjia kutoka chini, kwenye kioo. Mkono mmoja una picha ya mtu, wa pili kisu. Mdomo wa chini umevutwa upande mmoja, pua imekunjwa, na macho yamefumbwa nusu, kama ya mtu aliyenusa kitu kilichooza lakini anaendelea kukinusa. Alikuwa yeye.

Mkono wake wa kulia, bila kutumwa, ulikuwa ukitafuta penseli mkobani.

"Nani alikupa ruhusa?" akamuuliza Mbayo, ambaye alikuwa amekaa sakafuni kando ya ubao.

Mbayo akasimama. "Hakuna, mama."

"Unaniona mi niko vile?"

"Siku ile ulikuwa vile. Siku ingine sijue."

"Ondosha."

Mbayo hakubisha. Akachomoa pini, akaitoa picha, akampa. Kwenye boksi pakabaki doa safi la mraba. Ngalula aliipokea akiwa tayari kuipasua, akaona kwamba mikono iliyomo pichani, ile mikono yake mwenyewe iliyoshika kisu, ilikuwa imetulia na mizuri sana, na hakuna mtu aliyewahi kuipiga picha. Akaiweka mkobani.

Nyumbani alimpa Fidélie ile picha. Fidélie aliitazama dirishani.

"Mm," akasema. "Njo weye kabisa."

"Mubaya vile?"

"Si mubaya. Unachoka. Ile sura naionaga kila siku kama unarudi kazini, mi naona ni njaa, nakupa sahani ya bukari." Akaendelea kuitazama. "Huyu tata alikuangalia vizuri."

Jumatatu Ngalula hakurudi studio, na Nkulu hakumwita. Alileta kijana fulani wa mjomba wake, akaleta na mwingine. Watu wakaja kufutiwa kravati wakarudishiwa picha zenye tundu kifuani. Baada ya miezi mitatu Nkulu alimtuma mke wake Dilala kumbembeleza. Ngalula alimkaribisha, akampa kiti na maji, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema hapana. Aliomba meza yake ya mteremko tu. Mke wa Nkulu akajibu kwamba meza ni mali ya taifa. Kabla ya Krismasi studio ilikuwa imegeuka baa, na wanywaji walisema kwamba meza ile ilikuwa ikitumika kukatia samaki.

Ngalula alitengeneza nyingine kwa boksi la sabuni na kioo cha kabati la Fidélie. Mbayo alimletea mashine ya kuchapia picha iliyotupwa na misheni ya Kasaji, ikiwa imepungukiwa mguu. Bafu likawa chumba cha giza, dirisha limezibwa na kitenge cheusi. Walikubaliana hivi: Mbayo atapiga, Ngalula atachapa, na hakuna mtu wa kugusa sura bila mwenye sura kukaa hapo hapo akiangalia. Hilo la mwisho lilikuwa sharti la Mbayo, na walibishana juu yake wiki nzima. Nyuma ya kila picha waliandika majina yote mawili kwa mkono, kwa sababu hawakuwa na muhuri.

Usidhani alibadilika. Wakubwa waliendelea kuja, sasa kwa mlango wa nyuma kupitia kwenye mbuzi wa jirani, na aliendelea kuwadharau. Tofauti ilikuwa kwamba aliwakalisha mbele yake, kisu kikifanya kazi, na kuwauliza mambo. Kravati hii ulinunua wapi? Siku hiyo ulikuwa unaenda wapi? Wengi walikasirika. Mkuu wa posta, mwenye shingo ya kizibo, alijipapasa kooni, akasema alikuwa anakwenda kuoa, na kwamba kravati aliazimwa na kaka yake aliyekufa Kamina. Ngalula akakiinua kisu kabla hakijagusa negatifu.

"Na unataka nikwangue?"

Mkuu wa posta alitazama ukutani. "Nitafanya je, mama? Niko na batoto."

Ngalula akamtazama shingo, akamtazama na uso. Hakumhurumia sana, mtu yule alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa ukimtoka kwenye vinyweleo. Lakini alikwenda bafuni, akachapa kwanza picha moja kama ilivyokuwa, kravati na yote, akaikausha, akaitia kwenye bahasha ya kahawia.

"Hii uiweke chini ya godoro," akamwambia. "Sasa kaa vizuri, tufanye ile ya ukutani."